Jedwali la Ijumaa au kalenda iliyounganishwa: kuhesabu saa za kazi Lubumbashi
Mhasibu wa Lubumbashi anayehudumia wateja kadhaa ana njia mbili za kuhesabu saa zake za kazi. Ya kwanza ni kujaza jedwali la Excel kila Ijumaa jioni. Haihitaji intaneti, lakini hutegemea kumbukumbu, na simu ya robo saa ya Jumatatu ndiyo husahaulika kwanza. Ya pili ni kuunganisha Google Calendar au Outlook na programu ya kurekodi saa za kazi kama Toggl Track au Clockify, ambapo mikutano iliyopangwa huonekana tayari, na mtumiaji huchagua mteja kisha akathibitisha.

Ninaipendelea hii ya pili, hasa kwa wanaofanya kazi na Kinshasa, ambako saa ziko nyuma yetu kwa saa moja: mkutano uliopangwa huko saa 3 asubuhi huingia katika kalenda ya hapa saa 4, bila mtu kukokotoa chochote. Hata hivyo, kalenda huonyesha kilichopangwa, si kilichofanyika. Mkutano uliorefuka kwa nusu saa lazima urekebishwe siku hiyohiyo, na kazi isiyo na miadi, kama kukagua ankara, itengewe nafasi yake, la sivyo haitahesabiwa.