Niliitwa shosho kwa sababu ya Naftali Temu

Nilikuwa nimeapa sitaandika nikiwa na hasira. Siku zimepita kadhaa na hasira haijashuka, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Mahali penyewe ni mkahawa mmoja kando ya Ngong Road. Jina silitaji, waendao wataujua kwa kiondo. Kila Alhamisi jioni wana chemsha bongo. Mnalipa mia tatu kila mtu, mnaketi wanne wanne, na kabla ya swali la kwanza kijana anapita na kiondo kikubwa, kila mmoja anatumbukiza simu yake humo. Hapo walinipata. Nilimwambia dada yangu, hawa ni watu wa maana, leo hakuna kuibia. Mshindi anaondoka na kilo mbili za mbuzi choma.

Tulikuwa mimi, dada, mumewe, na mwenzangu wa kazini ambaye anajua bendera za nchi zote lakini stesheni ya matatu za Rongai humpotea kila juma. Meza ya pili yetu walikaa vijana wanne wa benki, tai zimelegezwa, wanacheka kabla ya kuulizwa.

Raundi za kwanza nilifurahi, siwezi kudanganya. Swali la ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika liliangusha nusu ya ukumbi, kwa sababu mtu akisikia ziwa tu mkono wake unaandika Victoria. Victoria ni kubwa kwa upana, lakini kwa kina ni Tanganyika, na shemeji aliwahi kufanya kazi Kigoma, kwa hiyo hakungoja tumuulize. Mji mkuu wa Kodivaa tuliandika Abidjan, tukapewa. Nilianza kusikia harufu ya mbuzi.

Ndipo likaja: Mkenya wa kwanza kushinda medali ya dhahabu ya Olimpiki ni nani?

Hapa lazima niwarudishe nyumbani kidogo. Baba yangu, Mungu amlaze pema, aliifuata Olimpiki ya Mexico ya 1968 kwenye redio ya duka moja huko Nakuru, na hakuwahi kuchoka kuisimulia. Kwetu lilikuwa swali la wakati wa chakula cha jioni. Ukijibu Kipchoge Keino, finyango yako inahamia sahani ya mwenzako. Nilipoteza finyango kadhaa kabla ya kulishika jibu: Naftali Temu, mita 10,000, tarehe 13 Oktoba, Mamo Wolde wa Ethiopia akiwa wa pili. Keino mwenyewe alikuwa ndani ya mbio hizo hizo, tumbo likamkata akaanguka. Na msidhani Keino ni wa pili basi. Siku tatu baadaye Amos Biwott alichukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji, ndipo Keino akaja na yake ya mita 1,500 tarehe 20, akamwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma kabisa. Ni wa tatu. Ukiuliza medali yoyote ile, hata shaba, hapo unakwenda nyuma zaidi, kwa Wilson Kiprugut, mita 800, Tokyo 1964. Hayo nayajua kama Baba Yetu.

Niliandika Temu kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini.

Sasa, pale kwao meza hubadilishana karatasi mkasahihishana. Sisi tulipata ya wanabenki, wao wakapata yetu. Emsii akasoma: “Jibu, Kipchoge!” Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kwenye karatasi niliyoishika wale vijana walikuwa wameandika neno moja tu, Kipchoge. Kipchoge yupi? Eliud alizaliwa 1984! Nami natakiwa niweke tiki kwa mkono wangu.

Nikasimama. Nilisimama kwa adabu, dada ni shahidi, nikasema, samahani kaka, jibu ni Naftali Temu. Akatazama kadi yake. Nikamwambia anirudishie simu yangu kwenye kiondo nimwonyeshe, dakika moja tu. Akainua maiki, maana bila maiki isingetosha, akasema:

“Shosho, simu ni baada ya mchezo. Kadi imesema Kipchoge, ni Kipchoge. Wacha watoto wacheze.”

Shosho! Nina miaka hamsini na kitu, sina mjukuu hata mmoja, na nywele zangu nilikuwa nimetoka kuzitengeneza siku hiyo hiyo. Watu wakacheka. Wanabenki wakagonga meza. Mmoja wao, aliyeshika karatasi yetu, akachora X kwenye jina la Temu taratibu huku akinitazama.

Kukosea si dhambi. Kadi zinaandikwa na binadamu, na jina la Keino ndilo linalokuja mdomoni kwanza, halina haja ya kutetewa. Lakini unauliza watu maswali ya kujua mambo, halafu anayejua unamwambia akae? Nilikaa. Sikuandika tena swali hata moja usiku ule, kalamu nilimpa mwenzangu.

Mtu mmoja alinitendea utu, naye ni mhudumu. Alipoleta chai aliinama akaninong’oneza, “Mama, usijali. Temu ni mtu wetu wa Kisii, tunamjua.” Chai hiyo hakuiweka kwenye bili. Huyo kijana apewe mshahara wa emsii, na maiki pia apewe.

Tulipoteza kwa alama moja. Wanabenki 31, sisi 30. Mbuzi alipita mbele yetu kwenye sinia ya mbao, kachumbari na ugali juu, na hakuna aliyetukaribisha hata mfupa. Utotoni nilinyimwa nyama kwa kusema Keino, na uzeeni, haya tuuite uzee basi, nimenyimwa kwa kukataa kusema Keino.

Kwa hiyo uamuzi wangu: msiende. Nyota moja, na hiyo ni ya mhudumu. Ingawa chapati zao ni laini, niseme ukweli, na maharagwe ya nazi yale sijayapata kwingine upande huu wa mji. Na wazo la kiondo bado nalipenda. Nyota mbili. Lakini ukienda, nenda ukale, saa kumi na mbili ikifika lipa uondoke.

Ningeishia hapo, ila kuna jambo shemeji amelifukua.

Juzi nilikuwa nakusanya ushahidi wa Temu nimpelekee mwenye mkahawa. Shemeji naye akaamua kupitia maswali mengine, moja baada ya jingine, kwenye simu yake. Nikamsikia amenyamaza. Halafu akasema, “Mji mkuu wa Kodivaa ni Yamoussoukro. Tangu 1983.”

Karatasi ya wanabenki naikumbuka vizuri mno. Waliandika Yamoussoukro, tena bila kosa la herufi. Sisi ndio tuliowasahihishia. Emsii alisoma Abidjan, dada akawachorea X kubwa, tukapongezana.

Basi nikapiga hesabu. Mkitupa ya Temu, tunakuwa 31. Mkiwanyang’anya ya Kipchoge, wanabaki 30. Kilo mbili zetu hizo! Mkitunyang’anya Abidjan tunarudi 30, na mkiwapa Yamoussoukro yao wanarudi 31. Yale yale. Nimepiga mara tatu, na kikokotoo.

Dada anasema sasa nifute haya yote na nisipeleke barua. Barua sipeleki. Lakini sifuti, kwa sababu kwenye hesabu hiyo hakuna mahali pa kutoa neno shosho.