Nililipia maneno, nikageuzwa mfano

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Nilijiandikisha kozi ya jioni ya Kiingereza hapa Marekani, ya kujifunza msamiati kwa kusoma riwaya. Nililipa kwa pesa ya kutandika vitanda hotelini. Kitabu chenyewe ni Inside Out & Back Again cha Thanhha Lai: Hà, binti wa miaka 10, anaikimbia Saigon, Vietnam, mwaka 1975 na mama yake na kaka zake watatu, baba kapotelea vitani, hadi wanafika Alabama. Kitabu sina neno baya juu yake. Kimeandikwa kwa mistari mifupi kama shairi, hata mwenye maneno machache hapotei. Neno likikushinda ukurasa huu, mbele linarudi likiwa na mtu unayemjua. "Sponsor", yaani mdhamini, nililisikia miaka yote kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa watu wa mashirika. Uzito wake nimeujua kwa yule Mmarekani wa kofia ndefu aliyeipokea familia ya Hà.

Na ile s ya wingi ya Kiingereza! Sisi wingi tunauweka kichwani, kitabu, vitabu. Wao wanaubandika mkiani, na "glass" yenye s mbili tayari bado inadai nyingine. Hà anakasirika, nami nikakasirika naye, na tangu hapo siisahau.

Sasa mwalimu. Jioni moja tukafika kwenye "refugee", mkimbizi. Kila neno lina kadi, mbele neno, nyuma maana. Hiyo hakuigeuza. Alininyooshea kidole: "Kama huyu hapa." Darasa zima likanigeukia, nami bado nina sare ya kazini. Nikamwambia nina jina. Akatabasamu, akasema mfano hai unasaidia kukumbuka.

Mfano hai! Mimi ni mzaliwa wa Fizi, Kongo, nimelea watoto wanne, kambini niliuza unga na watu wakanikopa kwa heshima. Hà ana mpapai wake uani, ana wivu, ana ujeuri, ana hamu ya kuwashinda kaka zake. Mwandishi kampa kurasa zaidi ya 200 asije akabaki neno moja tu. Na mwalimu kitabu hicho alikuwa nacho mkononi!

Msijiandikishe. Kitabu kiazimeni maktaba, ni bure.

Ingawa, nikisema kweli, mwenyewe nisingekifungua. Na ni mwalimu huyo huyo aliyebaki nami baada ya kipindi, wiki za mwanzo, wenzangu wamekwenda, akinisomea pale Hà anapoletewa mapapai makavu Krismasi akayatupa, tena na tena mpaka nikaelewa kwa nini aliyatupa. Nililia siku ile, naye hakuniharakisha. Ndiyo maana kidole kile kiliniuma hivi. Mtu nisiyemjua ningempuuza.

Zimebaki kurasa chache, za Tết nyingine, mwaka mpya wao. Jumanne nitarudi kuzimaliza. Kumsalimia, sijui.