Skyrim na Dragon's Dogma kwenye PS4: nataka wakazi wenye sura zao

Gemu nyingi za RPG, yaani zile za kuvaa uhusika wa shujaa na kuishi katika dunia yake, zinakukalisha nusu saa unachonga pua, taya na kovu la shujaa wako, halafu zinakuingiza kwenye mji ambao wakazi wake wamegawana sura chache. Hilo linaniuma kuliko michoro iliyopitwa na wakati, kuliko hata bei. Shujaa wangu muda mwingi namwona mgongo, tena kavaa kofia ya chuma. Ninaowatazama usoni ni wahunzi, wauza dawa, wenye nyumba za wageni, ombaomba na watoto wa mtaani. Kwangu hao ndio gemu yenyewe.

Skyrim ni mojawapo. Niliinunua Kariakoo, ile Special Edition ya 2016, diski iliyotumika lakini safi. Niseme mapema kwamba naipenda. Kwa mtu wa Dar anayelala na feni mwaka mzima, kutembea usiku kwenye theluji ile, muziki ukiwa chini na mbingu zikiwaka rangi, ni raha kubwa. Ardhi yake imetengenezwa na watu walioipenda. Wakazi wake ndio hawakupata mapenzi hayo.

Kuna jamii kumi za kuchagua, kuanzia binadamu kama Nord na Redguard hadi Khajiit wenye sura ya paka na Argonian wenye magamba. Unatarajia kukutana na watu wa kila namna. Lakini ukiwatazama binadamu na Elf kwa makini, ngozi inabadilika, masikio yanarefuka, kimo kinapanda kidogo, na mwili unabaki uleule: umbo moja la kiume, umbo moja la kike. Kipimo cha uzito kipo, ila ukikisukuma hadi mwisho kinaleta misuli. Kitambi hakipo. Mwenye baa hana kitambi, tajiri wa mjini hana kitambi, bwana wa ngome anayekula nyama choma kila siku naye hana. Bi kizee ana uso wa mikunjo juu ya mabega ya msichana. Walinzi wamefunikwa uso mzima kwa kofia, na huo ni ujanja ninaouheshimu, kwa sababu angalau hapo kufanana kwao kuna maana.

Palipoumiza zaidi ni kwa watoto. Toleo hili lina nyongeza ya Hearthfire, iliyotoka kwanza 2012, inayokuruhusu kujenga nyumba na kulea yatima. Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, hupenda kukaa pembeni yangu nikicheza, na hilo la kulea ndilo lililomvutia. Tulikutana na Lucia, anayeomba katika mji wa Whiterun baada ya kufiwa. Baadaye tukafika mji mwingine, Windhelm, tukamkuta Sofie akiuza maua kwenye baridi.

"Anko, huyu si yule wa kule?"

Nikamwambia hapana, huyu mwingine. Akasogea karibu na TV, akatazama, akaniuliza kama ni pacha wake. Nilikosa jibu la kumridhisha. Watoto wa Skyrim karibu wote wana sura moja, wakibadilishiwa nywele na rangi ya ngozi, na wote ni binadamu. Humkuti mtoto wa Khajiit wala wa Argonian popote. Gemu inakuomba umchague mtoto mmoja, umpeleke kwako, umpende kuliko wengine, na haijampa uso wake. Mpwa wangu aliacha kuulizia habari za kulea, na mimi hamu ikanipungua pia.

Sababu za kiufundi zipo na nazielewa. Mhusika wa 3D ana mifupa ndani, juu yake ngozi, juu ya ngozi nguo. Kila vazi la vita la Skyrim lina toleo la kiume na la kike, na kila toleo lina la mtu mwembamba na la mtu aliyejaa ili kile kipimo cha uzito kifanye kazi. Ukiongeza umbo moja tu, tuseme mama mwenye nyonga pana, ni sawa na fundi cherehani aliyeshona sare za shule nzima kwa vipimo viwili, kisha akaletewa mwanafunzi wa umbo la tatu. Anaanza upya kwa kila vazi. Tena gemu hii ilitoka Novemba 2011 na ilibidi ikae kwenye PS3, mashine yenye MB 256 za kumbukumbu ya kawaida na MB 256 za michoro. Kuupakia mji mzima humo ilikuwa kazi.

Ila PS4 ina GB 8. Toleo la 2016 lilirekebisha mwanga, vivuli na mandhari, watu wakaachwa walivyokuwa. Hapo kisingizio cha mashine kinaisha, kinabaki kipaumbele.

Nywele ni kesi nyingine, na hii inahusu gemu nyingi, si hii peke yake. Kwa kawaida hujengwa kwa vibapa vyembamba vilivyochorwa nyuzi, vikaning'inizwa kichwani. Njia hiyo inafaa nywele zinazolala. Zetu zinasimama, zinajikunja, zinasukwa mpaka ngozi ya kichwa ionekane katikati ya mistari, kwa hiyo lazima mtu akae azitengeneze kwa makusudi. Ndiyo maana mhusika mweusi mara nyingi anaangukia kipara, afro ya duara au dredi. Simama kituo cha Mwenge jioni uone twende kilioni, yeboyebo, mabutu, kiduku, mzee wa baraghashia, mama aliyejitanda khanga, wote wakigombea daladala moja. Sidai Skyrim igeuke Mwenge. Ile ni nchi ya Nord na ibaki hivyo. Nadai Nord wenyewe watofautiane, maana hata kwao kuna wanene, wafupi, wenye vibiongo na wenye meno yaliyopishana.

Kwamba inawezekana, nimeona. Gemu ya Aurion, ya kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni, iliyotoka 2016 kwa kompyuta, imejaa Waafrika waliochorwa kwa mkono, na kwa kuwa ni michoro ya 2D, haibanwi na sheria ya nguo kuenea kila umbo. Hata hivyo mimi ni mtu wa PS4, na kwenye PS4 jibu langu limekuwa Dragon's Dogma: Dark Arisen. Ni gemu ya PS3 iliyoletwa PS4 mwaka 2017, na michoro yake ni ya kizamani kuliko ya Skyrim. Hapa umbo si pambo. Mtu mzito anabeba mizigo mingi zaidi, mtu mwepesi anarudisha pumzi haraka. Unaweza kutengeneza mzee aliyeinama, mtu wa miraba minne, kijana mfupi mwembamba, na gemu ikamchukulia kila mmoja kivyake.

Kilichoniteka hasa ni Pawn, wasaidizi unaotembea nao. Mmoja unamtengeneza mwenyewe, wengine wawili unawaazima kutoka kwa wachezaji wengine kupitia mtandao. Hivyo barabara za Gransys, nchi ya gemu hiyo, zinajaa watu waliochongwa na mikono tofauti duniani kote. Wenyeji wa mji mkuu, Gran Soren, si wote wa kusisimua, lakini hutembei muda mrefu kabla ya kukutana na uso ambao hujawahi kuuona. Wangu nilimtengeneza kwa umbo la shangazi yangu wa Mbagala, mrefu, mnene, kichwa juu, na anabeba shehena ya safari nzima bila kulalamika. Akiazimwa usiku, asubuhi anarudi na zawadi.

Kwa hiyo mwenye kompyuta au Xbox anunue Skyrim bila wasiwasi, kwa sababu kuna modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, zinazoleta sura, miili na nywele mpya. Kwenye PS4 modi haziruhusiwi kuingiza vitu vya nje ya gemu, na sura mpya ni kitu cha nje, kwa hiyo utakaa na watu walewale hadi mwisho. Mwenye PS4 na pesa ya diski moja, nachagua Dark Arisen. Hakikisha tu una bando unapokwenda kwenye jiwe la Rift, mahali pa kuitia Pawn ndani ya gemu, kuazima watu, la sivyo utapewa Pawn wa gemu yenyewe.