Uzoefu Wangu na HandBrake Katika Kupanga Video za Familia

Nimeitumia programu ya HandBrake tangu mwaka 2017 kupanga video za familia yetu, na ninaandika uzoefu huu kwa ajili ya mtu mwenye mrundikano kama niliokuwa nao mimi: kanda za VHS za harusi, DVD zilizotoka studio za mtaani, kanda ndogo za MiniDV kutoka kwenye kamera ya kaka yangu, vipande vya 3GP vya simu za zamani, na mamia ya video zilizoingia kwa WhatsApp. HandBrake, ambayo hubadilisha na kubana video, ni ya bure, haina matangazo, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ninaipenda na nitaendelea kuitumia. Hata hivyo, inafaa kwa kazi moja tu, nayo ni kutengeneza nakala ya kutazama kutokana na video ya asili ambayo imehifadhiwa salama mahali pengine. Mtu akiitumia kubana video ya asili, kisha akaifuta ile ya asili ili apate nafasi, atapoteza kitu kisichorudi. Mimi nilikipoteza.

Harusi ya dada yangu ilifanyika Tanga mwezi Desemba 2001, ikarekodiwa kwa VHS, na miaka kadhaa baadaye kanda zile zikahamishiwa kwenye DVD tatu. Nilizinakili DVD hizo kwenye kompyuta, zikachukua takriban gigabaiti 12, na kwa kuwa diski yangu ilikuwa imejaa, nikazipitisha kwenye HandBrake bila kuelewa nilichokuwa nikifanya. Nilizima vichujio vyote, yaani hatua za kusafisha picha, nikidhani vinachelewesha kazi, nikapunguza vipimo vya picha, nikaipandisha alama ya RF, yaani namba inayopanga ubora wa picha, hadi 32 kwa sababu faili lilitoka dogo, halafu nikafuta mafaili ya asili. Kwenye kioo kidogo cha kompyuta sikuona kasoro yoyote. Miezi mingi baadaye mpwa wangu alitaka kuiona harusi ya mama yake kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, akaniuliza, "Mjomba, mbona mama ana michirizi?"

Alikuwa amesema kweli. Dada alipokuwa akipita katikati ya akina mama, ukingo wa kila kanga ulichanika kuwa meno membamba kama ya kitana. Aliposimama meno yalifungana, na alipopiga hatua nyingine yalifunguka tena. Kwenye sehemu zenye giza za ukumbi kulikuwa na mabaka ya miraba yaliyotembea ukutani, na sura za wazee waliokaa nyuma zilikuwa zimefutika kabisa.

Sababu ya michirizi hiyo niliielewa baadaye, na inafaa kila mwenye kanda za zamani aijue. Mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika huku kwetu, hurekodi fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde, lakini kila fremu ina nusu mbili, ya mistari isiyo shufwa na ya mistari shufwa, zinazochukuliwa moja baada ya nyingine kwa tofauti ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Televisheni za zamani za chogo zilionyesha nusu hizo kwa zamu na jicho halikugundua chochote, ilhali vioo vya leo huziweka pamoja kwa mara moja, na kitu chochote kilichosogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili huonekana kimechanika. HandBrake ina kichujio kizuri sana cha kuondoa kasoro hiyo. Lakini mimi, kwa kuwa nilipunguza vipimo vya picha kabla ya kuzitenganisha nusu hizo, nilikuwa nimeichanganya mistari yenyewe, na hakuna kichujio kinachoweza kuitenganisha tena. Tulibahatika kupata nakala za DVD mbili kwa mama mdogo huko Muheza, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la nguo. Ya tatu, iliyokuwa na sherehe ya usiku, ilikuwa imekwaruzika na haikusomeka. Sherehe hiyo imebaki kwenye ile nakala yangu mbovu peke yake.

Nilianza upya kwa kujifunza, na jambo lililonisaidia kuliko yote lilikuwa kutofautisha kasha na kodeki. MP4, MKV, AVI na MOV ni makasha tu. Ndani ya kasha kuna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, na kila mkondo umebanwa kwa kodeki yake, yaani njia yake ya kubana: DVD hutumia MPEG-2, simu nyingi na kamera za kawaida hutumia H.264 iliyotolewa mwaka 2003, simu mpya hupenda H.265 ya mwaka 2013, na siku hizi kuna AV1 iliyotoka mwaka 2018. Ndiyo maana mafaili mawili yenye jina linaloishia kwa .mp4 yanaweza kutofautiana kabisa, moja likafunguka kwenye televisheni na jingine likatoa sauti bila picha. Kubadilisha herufi za mwisho za jina, kama wengi wanavyoshauriana, ni sawa na kubandika karatasi iliyoandikwa sukari kwenye gunia la chumvi. Programu ndogo ya bure iitwayo MediaInfo hukuonyesha kilichomo: kasha, kodeki, vipimo, idadi ya fremu, na hata kama mistari ya picha imepishanishwa. Sasa siligusi faili lolote kabla sijalisoma humo.

Hapo ndipo nilipoona pia mipaka ya HandBrake. Programu hii inaweza kuichukua sauti kama ilivyo, lakini picha huifungua na kuibana upya kila mara, na kila ubanaji wa aina hiyo hupunguza kitu. Mpwa wangu aliponiletea video za MOV kutoka kwenye simu yake, MediaInfo ilinionyesha kwamba baadhi yake zilikuwa tayari na H.264 ndani, kwa hiyo kilichohitajika kilikuwa kubadilisha kasha peke yake. Kwa kazi hiyo FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, ndiyo inayofaa. Amri fupi ya `ffmpeg -i video.mov -c copy video.mp4` hukamilika kwa sekunde chache, na picha haipotezi hata nukta moja. Zile zilizokuwa na H.265, ambazo televisheni yetu haiwezi kuzisoma, ndizo nilizozipitisha kwenye HandBrake. Ningependa sana programu hii imweleze mgeni jambo hilo mapema, kwa maneno ya wazi, pale anapofungua faili lake la kwanza.

Kwenye kazi yake halisi, hata hivyo, sijapata programu ya mezani inayoishinda kwa urahisi. Alama ya RF ndiyo moyo wake: namba ikipungua, ubora unapanda na faili linakua. Maelekezo ya HandBrake yenyewe yanapendekeza 18 hadi 22 kwa picha za kiwango cha DVD, na 20 hadi 24 kwa video za 1080p. Kwa DVD za harusi ninatumia 19, kwa sababu chembechembe za VHS huharibika haraka zikibanwa sana. Kichujio cha kuondoa michirizi nimekiweka kwenye hali ya Bob, ambayo huigeuza kila nusu ya fremu kuwa picha kamili, hivyo fremu 25 zinakuwa 50 na mwendo wa wachezaji unakuwa laini kama nilivyoukumbuka kwenye deki ya nyumbani. Angalizo moja ni muhimu: mipangilio mingi iliyokuja na programu ina kikomo cha fremu 30, na usipokiondoa, mwendo unakuwa wa kurukaruka. Mimi nilipoteza siku mbili kabla ya kukigundua.

Ninapanga mafaili kwenye foleni jioni na kuyaacha yafanye kazi usiku. Umeme ukikatika katikati, faili la MP4 ambalo halijakamilika kwa kawaida halifunguki kabisa, kwa kuwa faharasa yake huandikwa mwishoni, ilhali MKV mara nyingi hufunguka hadi pale ilipofikia. Vyovyote iwavyo, kazi hiyo ninairudia tangu mwanzo. H.265 ingenipa mafaili madogo zaidi, lakini kompyuta yangu huchukua muda mrefu mno kuyatengeneza, na ndugu zangu wengi wana televisheni za zamani. Kwa hiyo nakala zote za kutazama ziko kwenye H.264.

Mpangilio wa folda sasa ni mwepesi. Kuna folda ya asili, ambayo haifutwi kitu na ina nakala kwenye diski mbili, moja ikikaa kwa kaka yangu Dar es Salaam, na kuna folda ya kutazama, ambayo yote yaliyomo yanaweza kutengenezwa upya wakati wowote. Jina la kila faili linaanza na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2001-12-22, kisha tukio na mahali, ili kompyuta iyapange yenyewe. Tarehe ambayo mfumo unaionyesha kwenye faili siitegemei, maana faili lililotoka HandBrake hubeba tarehe ya siku lilipotengenezwa. Kanda za MiniDV, zinazokula takriban gigabaiti 13 kwa saa, nimezihifadhi kama zilivyo bila kuzibana. Diski inayobeba mafaili hayo isiwe imepangwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32, kwa sababu mfumo huo haupokei faili linalozidi gigabaiti 4.

Ningeipa HandBrake nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya ule ukimya wake mbele ya mgeni, kwani gharama ya kutojua ni kubwa mno pale video inapokuwa ya aina yake pekee. Kazi iliyobaki kwangu ni kanda mbili za Hi8, kanda ndogo za kamera za zamani, zenye sauti ya marehemu baba akisoma dua ya arusi. Kamera iliyozirekodi imekufa, na ninatafuta inayofanya kazi, ya kuazima au ya kununua. Aliye nayo Tanga au Mombasa na aniambie, nitaifuata mwenyewe.