CZ 457 au Ruger 10/22: bunduki ya kwanza ya kulengea shabaha

Anayeanza kulenga shabaha hana sababu ya kupita bunduki ya .22 LR, aina ya risasi ndogo. Teke lake halisumbui bega, risasi zake ni rahisi, na mlio wake haumzoezi mtu kufumba macho kabla hajafyatua. Tabia hiyo ikishaota, kuing'oa ni kazi. Kinachobaki ni kuamua: inayojipakia yenyewe, kama Ruger 10/22, au ya kuvuta bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), kama CZ 457?

Ruger 10/22 iko sokoni tangu 1964, na vipuri vyake ni vingi kupita kiasi. Ina uzito wa kilo 2.3 hivi, na magazini (kasha la risasi) yake ya risasi 10 inazama tumboni bila kuchomoza. Shida ni triga, yaani kifyatulio. Ya kiwandani kwa kawaida hudai kilo mbili na nusu au zaidi, yaani unaivuta bunduki kwa nguvu inayozidi uzito wake. Isiposhikwa imara, mtutu unasogea pale pale unapofyatua, na mwanafunzi anailaumu darubini.

Kuna la pili, la usalama: risasi ya mwisho ikitoka, bolti inajifunga yenyewe juu ya chemba (mahali risasi inapokaa) tupu. Usikisie. Toa magazini, vuta bolti, ifunge nyuma kwa kitufe chake, kisha tazama ndani ya chemba na uguse kwa kidole. Kusafisha nako kuna adha, kwa sababu nyuma ya bunduki pameziba. Ufito wa kusafishia unaingilia mdomoni mwa mtutu, na ukikwaruza ukingo wa mdomo huo, usahihi wa bunduki unaharibika. Afadhali kamba ya kusafishia inayovutwa kutoka kwenye chemba kwenda mbele.

CZ 457 haina hayo. Bonyeza triga huku ukivuta bolti, inachomoka yote, na ufito unapita kutoka nyuma. Bolti inainuliwa nyuzi 60 tu, kwa hiyo mkono haugongi darubini. Triga inarekebishika. Magazini ni ya risasi 5, na kwa anayejifunza huo ni upungufu wenye faida: kila risasi inadai pumzi yake. Kosa la kawaida ni kuvuta bolti nusu kwa woga. Ganda halitoki, risasi inayofuata inakwama. Ivute hadi mwisho.

Angalia toleo kabla ya kulipa. American haina vilengeo vya chuma, kwa hiyo weka fungu la darubini; Lux inavyo. Reli ya CZ ya kufungia darubini ni ya milimita 11, na pete za darubini za reli pana iitwayo Picatinny hazitaishika.

Kwenye risasi ndiko pesa ziende. Zile za mwendo wa kawaida, kama mita 325 kwa sekunde, ziko chini ya kasi ya sauti tangu mwanzo. Za kasi, karibu mita 380, huvuka kasi hiyo, kisha hurudi chini yake njiani na kuyumba, jambo linaloonekana ukifika mita 100. Nunua boksi moja moja la aina nne, piga makundi ya risasi 5 kwa mita 50 bunduki ikiegemea mfuko wa mchanga, na ukibadili aina piga kama 10 za kuzoeza mtutu kabla ya kuhukumu. Kila mtutu una chaguo lake, hata wa bunduki mbili za kiwanda kimoja. 10/22 iliyochafuka huweza kukataa hizi za polepole: ganda linabanwa kwenye mlango wa kutokea.

Ukisikia "tik" bila mlipuko, elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri sekunde 30, ndipo ufungue. Mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, acha kabisa. Toa risasi zote na hakikisha hakuna kilichokwama mtutuni. Vaa vikinga masikio na miwani hata kwa .22, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana vichwa vya risasi hizi vingi ni vya madini ya risasi.

Kwa shabaha ya karatasi, chukua CZ. 10/22 imfae anayetaka kuangusha makopo, mradi triga ibadilishwe kwanza.