Solda gani ununue Kisumu: kuanzia 63/37 hadi mikate ya chuma chakavu

Taa za kuvulia omena ndizo zilizonifundisha solda, ule waya wa madini unaoyeyushwa kuunganisha nyaya. Taa ikirudi kibandani mara ya pili, waya umeng'oka palepale nilipoulehemu, mvuvi haulizi habari ya mchanganyiko wa madini. Anauliza kwa nini alikaa gizani katikati ya ziwa. Kwa hiyo solda za sokoni nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: kiungo kinachovumilia mtikiso wa mashua, na wa bodaboda njiani.

Solda nyingi ni madini ya bati na risasi. (Bati lenyewe, si mabati ya kuezekea, yale ni chuma kilichopakwa zinki.) Nambari ya kwanza kwenye rili (kigurudumu cha plastiki kilichozungushiwa solda) ni asilimia ya bati, ya pili ni ya risasi. Bati ndilo ghali, na ujanja wote wa sokoni unaanzia hapo.

Namba moja kwangu ni 63/37. Inayeyuka nyuzi 183 za Selsiasi na kuganda kwenye nyuzi hizohizo, bila kupitia hali ya uji. Mkono ukitikisika kidogo, kiungo hakipati muda wa kupasuka kikiwa nusu kigumu. Chukua ya unene wa milimita 0.8 yenye flaksi (dawa ya kusaidia solda ishike) ya utomvu wa msonobari ndani. Ile asidi wanayopaka watengeneza koroboi usiikaribishe kwenye bodi ya redio: itakula shaba taratibu na utarudishiwa kazi.

Ya pili, kwa unyoya tu, ni 60/40. Inaanza kulainika nyuzi 183, inakuwa maji kabisa karibu 190. Kwa spika, redio na taa za sola hutaona tofauti, kwa hivyo ukiikosa 63/37 soko la Kibuye usipoteze nauli kuifuata Nakuru.

Isiyo na risasi naiweka ya tatu. Ya kawaida ni bati 99.3 na shaba 0.7, na inataka nyuzi 227. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipobana risasi katika vifaa vya elektroniki, simu nyingi zimeunganishwa kwa solda za namna hii. Fundi wa simu mwenye pasi ya kulehemu ya kurekebisha joto ataipenda. Mwenye pasi ile ya kuchomeka tu kwa soketi ataunguza bodi kabla solda haijatulia. Ila risasi ni sumu: kama unafanyia kazi mezani ambapo watoto wanakulia, ipandishe iwe ya kwanza.

50/50 na 40/60 ni za rejeta na mikebe. Basi.

Sasa niseme nilipoumia. Nilinunua rili imeandikwa 60/40, bei nzuri, duka la katikati ya mji. Viungo vikatoka vya kijivu, vina chembechembe kama sukari. Nikaiweka pasi nyuzi 210: solda halisi ingetiririka, hii ikalala kwenye ncha kama uji wa wimbi uliopoa. Ilikuwa risasi nyingi, bati kidogo. Siku hizi natembea na kipande cha solda ninayoiamini. Nakisugua kwenye karatasi nyeupe, nasugua na ile ya muuzaji kando yake. Risasi ikizidi, mstari unakolea kama wa penseli. Muuzaji akikukataza kujaribu, rudisha pesa mfukoni.

Ya mwisho, na siichukui hata ya bure, ni mikate ya chuma chakavu, yaani mabonge ya solda ya kienyeji: vikombe vya zamani vya pyuta (mchanganyiko wa madini wenye bati nyingi), vyuma vya betri, vyote vimeyeyushwa sufuria moja. Pyuta ya siku hizi ni bati zaidi ya asilimia 90, na antimoni na shaba kidogo. Ya kale inaweza kuwa na risasi. Mkate ukishaganda huwezi kujua ulitoka kwa kikombe kipi. Na kikiingia kipande cha zinki, hata kidogo, mchanganyiko unakuwa mzito na haushiki shaba. Ukitaka kuyeyusha mwenyewe, kumbuka tone moja la maji likizama ndani hugeuka mvuke ghafla na kukurushia chuma cha moto usoni. Betri ndizo mbaya zaidi. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi.

Moshi unaouona ukilehemu, kwa njia, ni wa flaksi. Unakereketa kifua, fungua dirisha, lakini risasi yenyewe hupitia vidole. Nawa kwa sabuni kabla hujamega ugali.

Na rili ikiandikwa gramu 100, uliza kama ni pamoja na plastiki yake. Wauza omena wa Kibuye wana mizani. Wengi watakupimia bila neno.