Jiko la sakafu ya mbao, Tanga: lamineti au vinaili?

Mnataka kufunika mbao za sakafu ya jiko kwa tandiko jipya. Kwa macho, lamineti inashinda. Inafanana na mbao halisi, haikwaruziki ovyo, na vipande vyake hupachikana bila gundi. Lakini ndani ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Zikinywa maji huvimba na hazirudi zilivyokuwa. Na jikoni maji hayakosekani: ndoo imepinduka, tui limemwagika, bomba la sinki linavuja kimyakimya usiku kucha.

Vinaili ni plastiki, maji hayaiozeshi. Udhaifu wake ni wembamba. Ile ya milimita 2 huonyesha kila kichwa cha msumari na kila mwanya wa mbao za chini.

Kwangu mimi, jikoni ni vinaili. Lamineti ipelekeni sebuleni.

Ila msikimbilie kutandika. Nyumba nyingi huharibikia hapa: sakafu mpya inafunika mchwa na boriti iliyokwisha kuoza. Ng'oeni ubao mmoja karibu na sinki, mchungulie chini. Mbao zinazolia zikazwe kwa skrubu, misumari izamishwe, kisha pigeni plaiwudi ya milimita 6 juu yake. Matundu ya hewa chini ya sakafu yabaki wazi, maana unyevu wa pwani hauna pengine pa kutokea.

Mkishikilia lamineti, wekeni maboksi chumbani saa 48 kabla ya kazi, na mwache nafasi ya milimita 8 hadi 10 kuzunguka kuta zote. Sketingi, ule ubao mwembamba wa kwenye kitako cha ukuta, itaifunika. Fundi akibananisha mpaka ukutani, sakafu itainuka katikati.